Acheni kuwaambia watu watie klorini kwenye glavu nyeupe za hoki!

Wadau, imetosha. Kila mtu akiuliza namna ya kutoa madoa kwenye glavu nyeupe za hoki ya barafu, anajibiwa lilelile: loweka kwenye dawa ya klorini, zitang'aa. Hazing'ai! Zinageuka njano, na njano hiyo haitoki tena.

Glavu si fulana ya pamba. Mgongo huwa ni ngozi bandia ya poliyurethani au nailoni, kiganja ni ngozi bandia laini yenye malaika mafupi, kati ya vidole kuna kitambaa kinachovutika, na ndani yake sponji na plastiki. Klorini haili uchafu peke yake, inakula poliyurethani na nailoni yenyewe. Kitambaa cha vidoleni kinalegea, nyuzi za mshono zinachakaa, na dawa iliyonasa ndani ya sponji inaendelea kuharibu kwa sababu kuisuuza ikaisha ni kazi ngumu. Halafu kuna wanaoshauri ichanganywe na siki ili ipate nguvu. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inaunguza mapafu. Futeni ushauri huo popote mlipouandika.

Kabla ya kutaja dawa, ulizeni doa ni la nini. Weusi wa kiganjani mara nyingi ni gundi ya tepi inayozungushwa kwenye fimbo, na gundi haisikii maji wala sabuni. Inatolewa glavu ikiwa kavu, kabla ya kufuliwa: kitambaa cheupe chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 kidogo tu, unagandamiza na kuinua, unageuza upande safi kila mara. Ukisugua unaitandaza. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Asetoni msiitaje kabisa, inalainisha ngozi bandia mpaka inanata.

Michirizi ya mgongoni inatokana na kile kisahani cheusi cha mpira kinachopigwa kwa fimbo mchezoni. Sponji ya melamini, ile nyeupe ya kufutia madoa, inaitoa, ila ile ni msasa laini. Pitisha mara chache kwa mkono mwepesi, uache. Ukishaondoa ngozi ya juu, uchafu unaofuata unazama zaidi. Kiganjani usiipeleke.

Njano ya jasho ndiyo ya kufua. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji yenye vimeng'enya (enzaimu) kwa lita 5 za maji yasiyozidi nyuzi 30, dakika 20. Bonyezabonyeza, usisokote, maana sponji itahama mahali pake. Kisha suuza, badilisha maji mara 3 au 4, hata zaidi, mpaka povu liishe kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu! Sabuni iliyobaki inanasa vumbi, glavu inarudi kijivu haraka kuliko mwanzo, na kiganja kinateleza kwenye fimbo. Njano ikibaki, pakaza hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa pamba, ngoja dakika 10, suuza. Kiganja cha ngozi halisi kisilowekwe, kinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu basi.

Na hili la "anika juani zitakate" nalo likome. Jua linazeesha poliyurethani na kuigeuza njano. Mashine ya kukaushia na hita zinaachisha gundi iliyounganisha glavu yenyewe na kukakamaza kiganja. Tumia feni, kivulini, mdomo wa glavu umeachama kuelekea upepo, siku nzima hadi mbili. Ingiza kidole mpaka nchani uhakikishe: nje hukauka mapema, ndani bado mbichi, na harufu inaanzia huko.

Rangi iliyohama kutoka kwenye jezi na kuingia kwenye ngozi bandia mara nyingi haitoki. Mtu akiuliza, mwambieni hivyo waziwazi, badala ya kumtuma kwenye klorini akaharibu na sehemu iliyokuwa bado nyeupe.