Imara, madhubuti, thabiti, ya kuaminika… mnatumia gani kwa kitu kisichoangusha mtu?

KaratasiZaYadi
Wakuu habari za jioni. Nimepewa kazi ya kuandika karatasi za mafunzo za madereva wa malori, yadi moja hapa Industrial Area, na zote zimekuja kwa Kizungu. Sasa nikisoma nilichoandika naona imara, imara, imara kila mahali kama mtu anauza magodoro. Mezani niko na imara, madhubuti, thabiti, ya kuaminika na ya kutegemewa. Mnazitofautisha ama ni kitu kimoja?

MswahiliWaSouthB
Si kitu kimoja kaka. Imara ni mwili wa kitu, ukuta imara, meza imara, unaiegemea inakubeba. Thabiti ni kutoyumba, jana na leo ni lile lile, ndio unasikia msimamo thabiti, ushahidi thabiti. Madhubuti ni jirani wa imara lakini mimi naisikia sana kwa mipango, "hatua madhubuti", ukiizidisha karatasi yako itanuka taarifa ya habari ya saa moja. Kuaminika nawapa watu na mizani: mizani ya kuaminika haidanganyi hata kama ni kuukuu na imepigwa kutu. Kutegemewa ni nzuri, tegemea ni Kibantu chetu wakati hayo mengine tumeyatoa Kiarabu, ila mtu wa methali atakukumbusha mtegemea cha nduguye hufa maskini 😂

DadaWaLuthuli
Nauza vitu vya stima miaka sasa na hakuna kastoma amewahi kuniuliza kama ekstensheni ni madhubuti. Wanauliza "hii ni ogi?" halafu "haitaniangusha?" Basi. Mimi ningeandika haiangushi, dereva ataelewa bila kukuna kichwa.

KaratasiZaYadi
@DadaWaLuthuli bosi atanirudishia hiyo ikiwa na wino mwekundu lol

FundiWaKirinyagaRoad
Nyote mnaongea kitu ambacho hakiharibiki. Lori si hivyo. Chukua breki ya upepo, ile ya nyuma ya kupaki. Watu wanadhani upepo ndio unashika breki, hapana, hapo upepo ndio unaiachilia. Ndani ya chemba ya breki kuna springi nene inataka kushika saa zote, upepo unaisukuma nyuma ndio gari itembee. Mpira unaopitisha upepo ukipasuka, upepo ukaisha, springi inarudi na gari inajifunga. Ndio maana unapata lori imekaa katikati ya Mombasa Road na watu wanamtusi dereva ati kwa nini asisongee kando, asongee na nini? Sasa hiyo breki utaiita imara na mpira umepasuka? Si imara. Imeharibika, lakini imeharibika upande wa kuokoa watu.

KaratasiZaYadi
Fundi umegusa pale pale! Hilo ndilo neno limenishinda, lile Wazungu wanaita feilsefu (fail-safe). Nilikuwa nimeandika "breki isiyofeli".

FundiWaKirinyagaRoad
Futa hiyo leo leo. Ukimwambia dereva breki haifeli ataacha kuangalia geji ya upepo.

MswahiliWaSouthB
Kweli, "isiyofeli" ni uongo. Nilitaka kusema kinga, maana kinga ni bora kuliko kuponya, lakini kinga inazuia jambo lisitokee na hapa limeshatokea. (Halafu ile "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni vijinga vya moto, usiibandike kwa lori la mafuta tafadhali.)

StimaBoy254
Fyuzi pia ni hivyo. Ile ya ampea 13 ndani ya plagi kazi yake ni kuungua yenyewe ndio waya isiungue. Ikikatika imefanya kazi, mtu anasema imeharibika anaweka kipande cha waya ya shaba, redio inaimba, anajiona fundi. Neno lako linafaa lionyeshe kitu kinajitoa.

MwalimuWaReli
Treni zilipitia hapo zamani. Breki ya kwanza ya upepo ya Westinghouse huko Marekani, 1869, upepo ndio ulikuwa unashika, mpira ukikatika huna breki kabisa. 1872 akaigeuza, upepo ukipotea mabehewa yanashika yenyewe. Kwa hivyo si suala la chuma kigumu, ni nani anashika na nani anaachilia. Mimi ningeandika "salama hata ikiharibika".

DadaWaLuthuli
Hiyo iko sawa lakini inakaa ahadi ya muuzaji. Salama kwa nani, yule ako nyuma yake na Probox?

KaratasiZaYadi
Nimeamua. Chuma na fremu nitaita imara, geji ni ya kuaminika, gari yenyewe ni ya kutegemewa, madhubuti nimeitupa. Breki sitaipa jina, nitaandika inachofanya: "Upepo ukiisha, breki hii hujifunga yenyewe."

FundiWaKirinyagaRoad
Poa, lakini ongeza mstari. Kuna bolti nyuma ya chemba, gari ikivutwa tunaikaza ndio springi irudi nyuma, na kuna watu husahau kuilegeza. Hapo haijifungi hata ukiimba. Andika turniboi (utingo) aweke jiwe kwa tairi.

KaratasiZaYadi
Na jiwe Kiswahili sanifu ni nini, kabari?

FundiWaKirinyagaRoad
Andika jiwe.