Tumepiga ngoma masaa manne, wimbo umerudi na ngoma za kompyuta!

Jamani, naandika hasira zikiwa bado ziko juu, mnisamehe ukali.

Jumamosi iliyopita tulikwenda studio moja hapa Mombasa, jina nalisitiri kwa sasa, kurekodi chakacha ya harusi ya dadangu. Tulikuwa watano: mwimbaji, wa kinanda, na sisi watatu wa ngoma: chapuo, vumi na msondo. Feni ikazimwa isisikike kwenye maikrofoni. Ngozi nazo zikalegea kwa unyevu, kila baada ya kurekodi mara mbili tatu tunatoka uani kuzikaza kwa jiko la makaa. Masaa manne! Jasho hadi kwenye vikoi. Na ngoma za mkono tulizilipia bei yake, mbali na bei ya biti.

Jana natumiwa wimbo, nikadhani wametuma wa mtu mwengine. Chapuo hakuna. Vumi hakuna. Kuna "du" na "ka" za kompyuta, zimepangwa kama matofali. Nampigia prodyuza, ati: "Mzee, zenu zilikuwa zinayumba, nikazisafisha."

Zinayumba! Chakacha isiyoyumba yachezwa kwa kiuno gani? Vumi lashika mbili, chapuo lakwenda tatu juu yake, na ule mvutano wa kati ndio unaomwinua mama kitini akajifunga leso. Mwimbaji akivuta neno, msondo humngoja kidogo. Kompyuta haimngoji mtu. Sikilizeni ubeti wa pili, dada wa watu anakimbilia mdundo kama abiria aliyeachwa na matatu Buxton.

Na msiniambie mimi naogopa mashine. TR-808, mashine ya ngoma ya kampuni ya Roland, ilitoka 1980 na nyimbo kibao nizipendazo zimejengwa juu yake. Mwaka huohuo Roger Linn alitoa yake, LM-1, yenye sauti zilizorekodiwa kutoka ngoma za kweli, tena akaiwekea njia ya kuyumbisha midundo. Aliyeunda mashine aliliona hilo, wewe prodyuza uliyekulia vigoma vikilia nje ya dirisha umeshindwa?

Ningeyameza yote hayo lau angenipa faili zetu za ngoma nikazipeleke kwengine. Ati kazifuta "kuokoa nafasi". Kwani chapuo letu ndilo lililoijaza diski yake? Ile nusu iliyobaki ya pesa yake silipi, akitaka aje aidai mbele ya kina mama waliochanga.

Harusi ni Ijumaa ijayo. Mwenye kujua studio yenye chumba cha kutosha ngoma tatu zikipigwa pamoja, Kisauni, Likoni, popote, aniandikie leo. Makaa tutakuja nayo wenyewe.