Naomba ushauri: mtafsiri wa kujitegemea chini ya sheria ya AB 5, California

Habari zenu ndugu. Nafanya tafsiri za maandishi hapa California, nikiwa nyumbani, kwa kampuni zaidi ya moja. Mojawapo sasa inataka niwe mwajiriwa wake au tuachane, ikitaja AB 5, sheria ya jimbo inayoamua nani ni mwajiriwa na nani ni wa kujitegemea.

Ninavyoelewa, AB 5 ilianza Januari 2020 na inamhesabu anayelipwa kwa kazi kuwa mwajiriwa hadi kampuni ithibitishe masharti matatu. Gumu ni la pili: kazi iwe nje ya shughuli za kawaida za kampuni. Kampuni ya tafsiri italitimizaje kwa mtafsiri? Lakini Septemba 2020 ikaja AB 2257, sheria ya kuirekebisha, iliyowaondoa watafsiri wa kujitegemea kwenye masharti hayo matatu, mradi kuwe na mkataba wa maandishi unaotaja malipo, tarehe ya kulipwa na haki miliki (yaani nani anaimiliki tafsiri), usichukue nafasi ya mwajiriwa, na usizuiwe kufanyia wengine.

Mkataba wangu hautaji haki miliki kabisa, na nadhani shida ndiyo hiyo. Je, kipengele hicho kikiongezwa sasa kitatosha? Na kazi za nyuma zitahesabiwaje? Aliyewahi kujadiliana na kampuni kuhusu hili anisaidie, tafadhali. Naipenda kazi hii na sitaki kuwapoteza wateja wengine.