Kwa nini mnyama atakayetoka ardhini aseme na watu?

Mwalimu wa chuo, Wete
Assalaam aleikum. Ninasomesha watoto katika chuo kimoja hapa Wete. Tulipofika aya ya 82 ya Suratun-Naml, inayomtaja mnyama ambaye Mwenyezi Mungu atamtoa ardhini aseme na watu, mtoto mmoja aliniuliza ana ukubwa gani, na kabla sijamjibu mwenzake akamwambia kuwa ana kichwa cha ng'ombe na masikio ya tembo, kama alivyosimuliwa na bibi yake. Niliwanyamazisha wote wawili, na tangu siku hiyo nafsi yangu haijatulia, kwa sababu sikuwa na jawabu lililo bora kuliko la bibi. Naomba wenye elimu wanisaidie: mnyama huyu anatujulisha nini juu ya Mola wetu, ikiwa umbo lake lenyewe Kurani haikulieleza?

Mzee wa Malindi, Unguja
Waaleikumu salaam, Mwalimu. Bibi hakuyatunga maneno yale, kwani yamo katika vitabu vya tafsiri, lakini si riwaya zilizothibiti kwa Mtume (s.a.w.). Hata hadithi iliyomo kwa Tirmidhi, kwamba atatoka na fimbo ya Nabii Mussa na pete ya Nabii Suleiman, wako wanavyuoni walioidhoofisha. Kilicho thabiti ni kwamba atatoka, na kwamba ni katika alama kubwa za Kiyama.

Mimi ningewarejesha watoto mwanzoni mwa sura. Aya ya 18, chungu anawaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na majeshi ya Suleiman; aya ya 22, ndege aitwaye hudihudi anasimama mbele ya mfalme huyo aliyefundishwa usemi wa ndege, akamwambia kwamba amelijua asilolijua yeye, na kwamba amemletea kutoka nchi ya Sabaa habari ya yakini, yaani ya uhakika usio na shaka. Lizingatie neno hilo. Aya ya 3 inawasifu wenye yakini na Akhera, aya ya 14 inawataja watu wa Firauni waliozikanusha ishara hali nafsi zao zina yakini nazo, na aya yako ya 82 inamalizia kwa kusema kwamba watu hawakuwa na yakini na ishara za Mwenyezi Mungu. Ndege alikuwa nayo, wanaadamu wakaikosa. Ninavyofahamu mimi, Mola huyu hana kiumbe anayemwona mdogo mno kubeba ujumbe wake, wala haiachi hoja yake ikakosa ulimi, hata waliopewa ndimi wakinyamaza.

Jirani wa Mkunazini
Mwalimu, mimi ni Mkristo, nawaombeni radhi kwa kuingia. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, punda wa Balaamu alimwona malaika mwenye upanga njiani, akamkwepa mara tatu, na mara tatu akapigwa na bwana wake, mtu aliyetafutwa na mfalme kwa uwezo wake wa kulaani na kubariki, mpaka Mungu akamfumbua punda kinywa akauliza amekosa nini. Nilipokuwa mdogo nilishangazwa na punda kusema. Siku hizi, kila nionapo punda wa gari akichapwa, hunijia zaidi swali la kwanza la malaika, kwa sababu hakuanza na safari mbaya ya Balaamu, bali alimuuliza kwa nini amempiga punda wake. Kisha akamwambia kwamba punda asingalikwepa, angalimuua yeye Balaamu na kumwacha punda hai.

Mwanafunzi, Chake Chake
Nakubaliana na Mzee, ila tuchunge mtoto asije akadhani kwamba mnyama huyu ni mfano tu. Wako waliolisoma neno la kusema katika aya ile kwa maana ya kujeruhi, yaani kuwatia watu alama, na kwa kisomo hicho jambo linakuwa zito zaidi.

Mwalimu wa chuo, Wete
Mwenyezi Mungu awalipeni kheri nyote, na wewe jirani, kisa chako nitakitafakari. Leo baada ya alasiri nimewarejesha watoto kwenye aya ya 18. Yule aliyeuliza ukubwa ameniuliza sasa chungu alijuaje jina la Suleiman, nami nimemwambia kwamba swali hilo tutalibeba pamoja.