Draiva ya JDBC inashindwa kuunganisha seva mpya na AS/400 ingawa poti 8471 inaitika: naomba ushauri

Msomaji_wa_Jedwali (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Taasisi ninayofanyia kazi hutunza taarifa za wateja katika mashine ya IBM i, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita AS/400, na kwa miaka mingi programu yetu ya ripoti, iliyoandikwa kwa Java, imekuwa ikisoma majedwali yake kupitia JTOpen, yaani faili la jt400.jar, ambayo ni draiva ya JDBC (kiunganishi cha programu za Java na kanzidata), bila usumbufu. Hivi karibuni programu hiyo imehamishiwa kwenye seva mpya ya Linux iliyo katika sehemu nyingine ya mtandao wetu, na tangu hapo haiungani kabisa. Inasubiri kwa muda mrefu, kisha inatoa hitilafu yenye SQLSTATE 08001 ikieleza kwamba muda wa kusubiri muunganisho umekwisha.

Draiva ni ile ile, anwani ya muunganisho haijabadilika, na jina la mtumiaji ni lile lile. Nimetumia telnet kupima mawasiliano kutoka seva mpya kwenda poti 8471, ambayo ndiyo poti ya huduma ya kanzidata, nayo inaitika papo hapo. Kwa sababu hiyo wenzetu wa mtandao wanasema kwamba upande wao umekamilika na kwamba tatizo ni la programu, na wanaosimamia AS/400 wanasema kwamba mashine ni nzima kwa kuwa seva ya zamani bado inasoma. Msimamizi wangu amependekeza tuachane na jt400 na kuweka db2jcc, ile draiva ya meinfremu, yaani kompyuta kubwa za IBM. Je, kubadilisha draiva kutasaidia, au kuna jambo ambalo hatujaliangalia?

Fundi_Mitambo

Mkuu, usibadilishe draiva kwa sasa. Maelezo yako yanaonyesha tatizo la mtandao, na jibu la poti 8471 ndilo linalowapotosha wenzako.

Draiva ya jt400 haiendi moja kwa moja kwenye poti 8471. Kwa kawaida hubisha kwanza poti 449, ambako kuna huduma inayoitwa as-svrmap, na kuiuliza huduma fulani inasikiliza katika poti ipi. Ikishajibiwa huenda kwenye huduma ya kuingia, as-signon, iliyoko poti 8476, ambako jina la mtumiaji na nywila hukaguliwa. Baada ya hapo ndipo inapofika as-database katika poti 8471. Fayawoli iliyofunguliwa kwa poti 8471 peke yake itakuonyesha hali hii hii unayoieleza: telnet inaitika, lakini programu inakwama kabla haijafika huko.

Aina ya kushindwa nayo ina maana yake. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, yaani namba 111 kwenye Linux au 10061 kwenye Windows, kwa kawaida pakiti imefika kwenye mashine lakini hakuna huduma inayosikiliza katika poti hiyo. Hapo unamwomba msimamizi wa AS/400 aangalie NETSTAT OPTION(*CNN), na kama as-svrmap, as-signon au as-database haionekani ikiwa inasikiliza, aianzishe kwa amri STRHOSTSVR. Muda ukiisha bila jibu lolote, yaani namba 110 kwenye Linux au 10060 kwenye Windows, mara nyingi kuna fayawoli njiani inayozitupa pakiti kimya kimya. Wewe umepata hali ya pili. Jaribu telnet kwenda 449 na 8476 kutoka seva mpya, na majibu yake uwapelekee wenzako wa mtandao kwa maandishi.

Kama sehemu hiyo ya mtandao ina kompyuta ya Windows yenye IBM i Access, amri ya cwbping ikifuatiwa na jina la mashine itazipima huduma zote kwa mara moja na kukutajia ile isiyofikika. Na kwa kuwa mnaomba poti upya, ombeni pia 9476 na 9471, ambazo ni poti za huduma hizo hizo zikitumia TLS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa, ili baadaye muweze kuweka secure=true kwenye anwani ya muunganisho. Taarifa za wateja hazistahili kupita wazi baina ya sehemu mbili za mtandao, hata kama zote mbili ni za kwenu.

Mpwani_Toronto

Naunga mkono maelezo ya Fundi_Mitambo, nami niongeze kuhusu pendekezo la msimamizi wako, kwa sababu nafanya kazi kila siku na Db2, kanzidata ya IBM, katika z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu, na nimeona watu wakichanganya mashine hizi mbili hadi wanatafuta tatizo mahali lisipokuwepo.

AS/400, iliyotolewa na IBM mwaka 1988, ni mashine ya daraja la kati, na kanzidata yake ni sehemu ya mfumo endeshi wenyewe. Meinfremu inayoendesha z/OS ni mashine nyingine, na Db2 yake ni programu inayojitegemea, yenye kitengo kinachoitwa DDF ambacho hupokea miunganisho kutoka nje kwa itifaki ya DRDA, kwa kawaida katika poti 446. Ni kweli kwamba db2jcc inaweza kuzungumza na IBM i kwa kuwa nayo inaielewa DRDA, lakini utahitaji leseni ya Db2 Connect, na poti 446 nayo itabidi ifunguliwe kwenye fayawoli ile ile. Utakuwa umeongeza gharama huku kizuizi kikibaki pale pale.

Kwa wasomaji wenye z/OS watakaoukuta uzi huu, hitilafu zenu zina sura tofauti na hizi. Msimbo -4499 ni wa mawasiliano: mwombeni msimamizi atoe amri ya -DISPLAY DDF, ambayo huonyesha kama DDF imewashwa, inatumia poti ipi, na jina la mahali pa kanzidata ni lipi, kisha jina hilo mliandike kwa herufi kubwa kwenye anwani ya JDBC. Msimbo -4214 ni wa utambulisho, na katika mashine nyingi jibu lake liko kwa wasimamizi wa RACF, programu ya usalama ya z/OS. Msimbo -4472 unamaanisha kwamba draiva haina leseni ya kuongea na mashine hiyo, na mara nyingi kinachokosekana ni faili la db2jcc_license_cisuz.jar kwenye njia ya madarasa ya Java. Mkiona -805 ikitaja NULLID na jina kama SYSLH200, muunganisho umeshapatikana. Kilichobaki ni mtu mwenye mamlaka kuendesha programu ya DB2Binder ili kuunda vifurushi ambavyo draiva inavitegemea.

Msomaji_wa_Jedwali

Nawashukuru sana. Poti 449 na 8476 zilikuwa zimefungwa zote mbili, na baada ya kufunguliwa ile hitilafu ya muda kuisha imetoweka. Hata hivyo yamejitokeza mambo mawili mapya. La kwanza, tulipowasha programu akaunti ya mtumiaji ilizimwa ndani ya muda mfupi, na ikiwashwa inazimwa tena. La pili, nikijaribu kwa akaunti nyingine data inasomeka, lakini katika jedwali moja la zamani majina ya wateja yanakuja kama namba na herufi zisizoeleweka. Kwa mfano, mahali panapopaswa kuwa na jina la mteja naona C1D4C9D5C140404040. Majedwali mengine yanasomeka vizuri.

Fundi_Mitambo

Kuhusu akaunti: karibu kwa hakika seva mpya ina nywila ya zamani kwenye faili la mipangilio ya bwawa la miunganisho, yaani miunganisho inayofunguliwa mapema ili programu iitumie kwa zamu. Bwawa linapoanza hujaribu kufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja, kila jaribio linahesabiwa kuwa ni la kuingia kwa nywila isiyo sahihi, na kikomo kilichowekwa katika thamani ya mfumo QMAXSIGN kinafikiwa kabla mtu hajaisoma logi. Simamisha programu kwanza, sahihisha nywila, ndipo msimamizi aiwashe akaunti kwa CHGUSRPRF ikiwa na STATUS(*ENABLED). Ukifuata mpangilio tofauti itazimwa tena.

Angalia pia kwamba hakuna programu nyingine inayotumia akaunti hiyo hiyo. Kwa maoni yangu kila programu inapaswa kuwa na akaunti yake, yenye ruhusa ya kusoma majedwali inayoyahitaji tu, ili kosa la programu moja lisiwafungie wengine kazi.

Bibi_CCSID

Mwanangu, hayo unayoyaona si uharibifu wa data. Mashine hizi huhifadhi maandishi kwa msimbo wa EBCDIC, na humo C1 ni A, D4 ni M, C9 ni I, D5 ni N, na 40 ni nafasi tupu. Basi mteja wako anaitwa AMINA, na zile 40 zinazojirudia ni nafasi zinazojaza upana wa safu hadi mwisho.

Kwa kawaida draiva huyageuza maandishi hayo kuwa Unicode yenyewe, bila wewe kujua. Haikufanya hivyo hapa kwa sababu safu ya jedwali hilo, bila shaka, ina alama ya CCSID (namba inayotaja msimbo wa herufi uliotumika) 65535, ambayo maana yake ni kwamba data isiguswe wala isitafsiriwe. Majedwali yaliyorithiwa kutoka mifumo ya zamani hukutwa na alama hiyo mara kwa mara. Hakikisha kwa amri ya DSPFFD, au soma safu ya CCSID katika QSYS2.SYSCOLUMNS.

Utaambiwa uongeze translate binary=true kwenye anwani ya muunganisho, na majina yatasomeka mara moja. Mimi nakuomba usikimbilie hapo. Mpangilio huo hutafsiri kila safu yenye 65535 katika kila jedwali unalolisoma, na majedwali ya zamani mara nyingi huwa na safu za herufi ambazo ndani yake mna namba zilizofungashwa (packed decimal). Hizo zikitafsiriwa kama maandishi zinaharibika, na ripoti itabeba viwango vya uongo bila kutoa hitilafu yoyote. Ni salama zaidi kutengeneza mwono (view) unaotafsiri zile safu za maandishi tu, kwa mfano CAST(JINA AS CHAR(30) CCSID 37), na programu isome mwono huo.

Namba 37 usiichukue kwa kuwa nimeiandika mimi. Waulize wasimamizi kama mashine yenu inatumia 37 ya Marekani, 285 ya Uingereza, au 500. Herufi A hadi Z ni zile zile katika zote tatu, kwa hiyo majina yatakuja sawa hata ukikosea, lakini alama zinatofautiana: X'5B' ni ya dola katika 37, na katika 285 ni ya pauni. Kwa taasisi ya fedha tofauti hiyo si ndogo.

Msomaji_wa_Jedwali

Shikamoo Bibi, na asante sana. Mashine yetu inatumia 37, mwono umetengenezwa na majina yanasomeka. Akaunti nayo haijazimwa tena tangu nywila iliposahihishwa. Limebaki jambo moja: programu huandika tarehe ya ripoti katika jedwali dogo tulilojiwekea humo humo kwenye AS/400, na sasa inakataliwa kwa SQL7008. Kwenye seva ya zamani iliandika bila shida.

Bibi_CCSID

Marahaba, mwanangu. SQL7008 hapo inakuambia kwamba jedwali halina jarida, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yake, wakati muunganisho wako umeomba udhibiti wa miamala. Linganisha mipangilio ya bwawa katika seva zote mbili. Nadhani kwenye mpya auto-commit, yaani kila badiliko kuthibitishwa lenyewe papo hapo, imezimwa. Ukiiwasha, au ukiweka transaction isolation=none, itaandika kama zamani, lakini hutaweza kurudisha nyuma mabadiliko endapo kazi itakatika katikati.

Kwa kuwa jedwali ni lenu wenyewe, ni bora mliwekee jarida kwa STRJRNPF. Au mliunde upya ndani ya skima iliyotengenezwa kwa CREATE SCHEMA, kwa sababu amri hiyo huunda maktaba pamoja na jarida lake, QSQJRN, na majedwali yatakayoundwa humo kwa SQL yataandikwa kwenye jarida hilo bila amri ya ziada.