Naomba ushauri: nimesaini mkataba wa mkopo bila kuusoma

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi hapa, nauza mahamri na barafu nyumbani. Mwezi wa tatu nilikopa 30,000 kwa kampuni moja ya mikopo ya simu ninunue friza, kijana wao akaniwekea programu kwenye simu na akaja na karatasi nne za Kizungu, herufi kama sisimizi, ati "mama weka sahihi hapa na hapa", nami nikaweka maana mahamri yalikuwa motoni wallahi.

Iliyoingia ni 26,400, ati zile zingine ni ada na bima. Nalipa 1,500 kila wiki kwa wiki 28, mwanangu akapiga hesabu ikatoka 42,000! Nimelipa wiki 11, mbili nikachelewa, sasa faini kila siku na wanampigia shoga yangu ambaye hata si mdhamini, namba wameitoa kwa simu yangu. Nijuavyo kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kufanya hivyo, lakini kwa orodha ya wenye leseni mwanangu hakuliona jina lao.

Nimeenda ofisini kwao mara mbili kutaka nakala ya mkataba, naambiwa rudi kesho.

Sasa wanaojua sheria, friza wanaweza kuja kuichukua bila amri ya korti? Na nikinyimwa hiyo nakala nashtaki wapi nikiwa huku huku Malindi? Wenzangu watano wa chama wanataka kukopa hapo hapo, nimewaambia ngojeni kwanza.