Waliofika au waliokaa Miagao, mji wa pwani Ufilipino, tupeane uzoefu

Mwatiko wa Pangani
Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuwaza muda mrefu nikawa naona nitaonekana najisifu safari, lakini juzi nimekutana na jamaa wawili humu humu wamepita maeneo yale yale, nikasema basi tukusanyike.

Mimi kazi yangu mabwawa, nafuga samaki aina ya mwatiko. Na ukifuga mwatiko lazima jina la Tigbauan utalisikia, ni mji mdogo kisiwa cha Panay, pale kuna kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha nchi za Asia ya Kusini Mashariki, kipo tangu 1973, na ndio hao waliokaa na mwatiko mzazi mpaka akataga mikononi mwao miaka hiyo ya 70 wakati sisi mpaka leo vifaranga tunavizoa mikokoni na chandarua. Nilienda kozi ya wiki chache. Sasa Jumamosi moja mwenzangu wa darasani akaniambia twende Miagao ukaone kanisa, nikamwambia mimi makanisa nimeyaona, akacheka, twende tu.

Tukapanda jipni. Hii ni daladala yao, ndefu, mnakaa mnatazamana kama kwenye yale magari ya zamani ya abiria tuliyoyaita chai maharage, na ile tuliyopanda konda hana. Nauli unampa jirani yako, jirani anampa wa mbele, inaenda mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi njia ile ile, shilingi haipotei. Nilikaa nasubiri siku itakapopotea sikuiona. Ukitaka kushuka unasema "lugar lang", taratibuuu, kama unaomba radhi. Mimi siku ya kwanza nilisahau nikapiga "SHUSHA!" ya Tanga, jipni nzima wakageuka na dereva akafunga breki watu wakalaliana.

Miagao ni kama kilomita 40 toka Iloilo mjini, unafuata bahari mkono wa kushoto muda wote, unapita Oton, Tigbauan, Guimbal, halafu unaliona kanisa. Limekaa kilimani, kubwa, limenona, rangi ya mchanga mkavu na jua la jioni likipiga linageuka kama mkate ulioiva. Kuta unene mita 1.5 na zile nguzo za kuegemeza nje zinafika mita 4. Lilijengwa 1787 hadi 1797, na lilijengwa hivyo kwa sababu makanisa ya kabla yake chini karibu na maji yalichomwa na maharamia 1741 na 1754, ndio wakahamia juu wakajenga kitu ambacho ni kanisa na ngome kwa pamoja. Minara miwili haifanani, mmoja mrefu mwingine umebaki mfupi, mwenzangu akasema mapadri walipokezana na kila mmoja alijenga alivyoona yeye.

Ila kilichonisimamisha ni pale mbele juu ya mlango. Wamechonga mnazi. Mnazi kabisa, una makuti, na aliyeushika ni Mtakatifu Kristofa kambeba mtoto Yesu mgongoni, na huyo mtakatifu kavaa kama mkulima wa pale, suruali imekunjwa mtu anavuka maji. Pembeni mipapai na mipera. Mzungu kaleta ramani yake lakini fundi mwenye patasi alikuwa mtu wa pale, kachonga alivyoviona akitoka nyumbani asubuhi. Nilisimama pale nikawaza mafundi wetu wa milango. Tangu 1993 lipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na makanisa mengine matatu ya nchi hiyo.

Haya, wengine mwageni yenu.

Bi Mwani
Asalaam aleikum wana uzi. Mimi natokea kusini Unguja, nililima mwani zaidi ya miaka 20 ndio nikaja kuchukuliwa na wenzangu kwenda Ufilipino kujifunza. Kwa wasiojua, ile mbegu ya mwani tuliyoanza nayo Zanzibar 1989 ilitoka huko huko kwao, kwa hiyo mimi nilikuwa naenda kumsalimia bibi wa shamba langu.

Jambo la kwanza, wanaula. Wallahi wanaula! Sisi miaka yote tunafunga kamba, tunaanika, tunauza gunia linaondoka hatujui linaenda kufanywa nini, mimi mdomoni sijawahi kutia. Nimeketi Miagao nyumbani kwa mama mmoja, kaleta bakuli, naangalia naona kama naujua huu, nikauliza nini hiki akasema guso. Ni mwani wangu! Wameutia maji ya moto kidogo tu, siki, kitunguu, tangawizi, nyanya. Unapasuka mdomoni kruch kruch. Nilicheka mpaka machozi, mama wa watu akadhani nimekosewa.

La pili nguo. Kuna kitongoji kinaitwa Indag-an hapo hapo Miagao, kina mama wana ushirika wa kufuma, nguo yenyewe hablon, na kitanda chao cha mbao cha kufumia wanakiita tiral. Nilikaa na mmoja mtu mzima kama mimi, miguu inakanyaga chini mikono inarusha kitu cha uzi kushoto kulia, taka-taka-taka, uzi ukikatika hasemi kitu, anaupata ule ncha, anaulowesha ulimini, anasokota, keshaunga, anaendelea na hadithi. Wana nguo ya kujifunga ya drafti inaitwa patadyong, ukiiona utasema kikoi, wanajifunga kiunoni vile vile na kuogea vile vile. Nilimpa kanga yangu. Akauliza maandishi yanasemaje, yalikuwa "Wema hauozi", nikamweleza kwa mkalimani akaikunja akaiweka kifuani.

Chuchunge
Bi Mwani shikamoo. Mimi nilisoma hapo Miagao, chuo kikuu cha Ufilipino cha Visayas kina kampasi yake kubwa pale na mambo ya uvuvi ndio jina lake. Kwa hiyo sikupita, nilikaa, nikapanga chumba kwa mama mjane mmoja.

Mnajua mimi Mwislamu. Mboga maarufu ya kule ni KBL, yaani kadyos, baboy, langka. Kadyos ni mbaazi, mbaazi zetu hizi ila nyeusi nyeusi, langka fenesi bichi, na baboy ndo mwenyewe nguruwe. Nikamweleza mama. Kesho yake kaenda sokoni kanunua sufuria mpya, kaandika jina langu ubavuni na rangi ya kucha, akawa ananipikia mbaazi na kuku na moyo wa mgomba uliokatwakatwa. Sufuria ile hakuna aliyeigusa mpaka naondoka, hata mjukuu wake akitaka kuchemshia mayai anapigwa kelele.

Sasa kisa chenyewe. Mwezi wa pili wana sherehe inaitwa Salakayan, wanaigiza vita ya 1754, maharamia wa Kimoro wanatua ufukweni na wenyeji wanawapiga. Wamoro ni Waislamu wa kusini, Sulu na Mindanao. Mimi bila kuwaza nimetoka na kofia yangu ya mkono kichwani, nimesimama barabarani na soda. Watoto wakaniona, "Moro! Moro!" wanakimbia wanacheka, mmoja akanichoma na upanga wa boksi. Nikajifanya nimekufa. Watu wakapiga makofi.

Lakini usiku nilikosa usingizi kidogo, nisiwadanganye. Maana yule mama aliniambia bibi zake walikuwa wanaogopa upepo wa habagat, ambao ni ndugu yake kusi, kwa sababu ndio ulikuwa unaleta mashua za kukamata watu wakauzwe utumwa. Ukienda Guimbal mpaka leo ile minara ya mawe ya mlinzi ipo ufukweni, bantayan, mlinzi akiona tanga anapiga kengele watu wanakimbia na watoto. Mimi nimekulia Bagamoyo. Hiyo habari ya mtu kuchukuliwa kwao na bahari naijua kwa upande mwingine, na kwetu hatuiigizi. Nikamuuliza mama, hamna chuki? Akasema ninyi mnakula kuku wangu miaka miwili chuki ya nini.

Na haya ya historia hawaishii hapo, mji wa mbele yake San Joaquin kanisa lao mbele limechongwa vita ya Wahispania kuiteka Tetuán Morocco, askari, farasi, limemalizika 1869. Yaani Afrika imechongwa kwenye ukuta wa kijiji cha Panay. Nenda ukaone.

Mke wa Fundi
Hivi chakula chao kina pilipili jamani maana mimi siendi mahali hapana pilipili

Chuchunge
Si kivile dada. Ila wana chupa ya siki wameishindilia pilipili, vitunguu swaumu na tangawizi, inaitwa sinamak, kila meza ipo. Hiyo itakufaa.

Baharia wa Likoni
Nami nitie langu. Nimepiga bahari miaka 27 na meli karibu zote nilizopanda nusu ya mabaharia Wafilipino, na ukiuliza hao wametoka wapi, wengi wanakwambia Iloilo. Ni watu wa bahari hao wallahi. Bosun wangu mmoja, yaani msimamizi wa mabaharia, alikuwa wa Miagao, tukaivana, mwaka mmoja meli ikakaa Manila matengenezo akanichukua kwao.

Kufika, mamake ananiita Toto. Toto njoo ule, Toto kaa hapa. Mimi nina ndevu mvi nikadhani bosun kawafunza Kiswahili wanifanyie mzaha. Kumbe kwao kijana wa kiume huitwa Toto, ni neno lao la mapenzi. Nikanyamaza nikawa Toto.

Ni wapole hao sauti yao kama wanaimba. Wafilipino wengine huwatania kuwa mtu wa Iloilo akikutukana utamshukuru. Watoto wakija wanachukua mkono wako wanautia kwenye paji la uso wao, hiyo ndio shikamoo yao, na ukipita mlango wa mtu anakula lazima akuite, "kaon ta", tule. Utasema uko Lamu.

Sasa usiku wa Krismasi, wana misa alfajiri siku tisa kabla, na nje ya kanisa kuna wanawake wanapika. Mimi siendi misa lakini harufu imeniamsha. Nafika naona chungu, moto chini, na juu ya kifuniko makaa. Ndani mchele uliosagwa na tui. Nikamwambia bosun huu ni mkate wa kumimina! Akasema hapana hii bibingka. Tumebishana mpaka kumekucha. Wao huweka jani la mgomba chini yake na hawatii iliki, hapo ndipo walipokosea.

Na bao wanacheza, wanaita sungka, ila lao mistari miwili tu mashimo saba saba na mawili makubwa ya kuwekea, huchezwa na wanawake na watoto. Nilimwambia bosun bao la wanaume ni mashimo 32. Akaniambia basi nicheze na nyanyake. Nyanyake kanifunga mara nne.

Nyota ya Mtwara
Wote mmesifia, niseme na langu. Mimi ni mweusi tii, nilifika Januari nikapelekwa Iloilo mjini kwenye Dinagyang, sherehe ya Mtoto Yesu wao na ya hadithi kwamba watu wa Borneo walikuja kisiwani wakakinunua kwa wenyeji wa kwanza, Waati, kwa kofia ya dhahabu. Wachezaji wamejipaka weusi mwili mzima. Elfu za watu. Halafu katikati yao niko mimi ambaye sijapakwa. Kuna dada alinigusa mkono akaangalia kidole chake kama kimetoka rangi.

Sikujua nicheke au niondoke. Nilicheka. Ila wiki ile ile sokoni Miagao nikamwona Mu-ati wa kweli, mama ana nywele kama zangu, kaketi chini kabisa pembeni ya meza za wengine, anauza mizizi ya dawa. Akaniangalia, nikamwangalia. Akaniuliza kitu kwa Kikaray-a, ndio lugha ya pale, muuza samaki akanitafsiria: anauliza wewe ni wa kijiji gani. Nikasema mbali sana. Akanipa kipande cha mzizi akakataa hela. Sherehe nzuri, ngoma nzuri mno, lakini aliyeigizwa mbona yuko chini pale.

Mwatiko wa Pangani
Dada Nyota hiyo nzito, asante kuisema.

Mimi niongeze moja tu la vyombo. Mashua zao zina mikono miwili ya pembeni kama ngalawa, za matanga wanaziita paraw, kuna mashindano yake kati ya Iloilo na kisiwa cha Guimaras tangu 1973. Nilimwonyesha mvuvi mmoja picha ya ngalawa ya Pangani kwenye simu akasema hii ya nani huku, nikamwambia ya mjomba. Na si ajabu, jamii ya watu hao wa baharini ndio iliyofika Madagaska zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Fundi Ngalawa
kwa hiyo unataka kusema ngalawa si yetu

Mwatiko wa Pangani
Mzee wangu sijasema hivyo 😂

Bi Mwani
Muacheni Fundi na ngalawa yake. Mimi nimerudi na guso akilini, nikaupika nyumbani, nikatia ndimu badala ya siki, pilipili mbuzi, kitunguu maji. Nikamtengea mume wangu. Kaangalia sahani, kaniangalia, kauliza na kitoweo kiko wapi.